MSAFARA ULIOMCHUKUA YUSUF
Onyo kwa wenye kuchukua mizigo na wenye kuajiri watu, katika nchi ya Masasi na Newala na pwani yote

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, Aliyewaumba wanadamu kwa baba mmoja na mama mmoja, akawafanya mataifa na makabila wapate kujuana, wala hakumfanya mmoja wao kuwa bidhaa ya mwenziwe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyewafunza matajiri kuwalisha watumishi wao katika kile wanachokula wenyewe, na zimshukie ahali zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya haya. Kazi ya kuchukua mizigo ni kazi ya halali na ya heshima. Mtume mwenyewe s.a.w. kabla ya kupewa utume alisafiri na mali ya Bibi Khadija hata Sham, akarejea na amana kamili, na kwa amana hiyo alijulikana. Watu wa pwani, tangu Lamu hata Mikindani, wameishi karne nyingi kwa jahazi na kwa msafara. Na leo wajukuu wao wanaishi kwa lori. Atakayefika Chidya katika nchi ya Masasi wakati wa korosho ataziona motokaa hizo zikipanda na kushuka baina ya Masasi na Newala, na kutoka huko kwenda Tandahimba na bandari ya Mtwara. Na wakati usio wa korosho ataziona zimebeba vitanda na makabati ya waalimu na watumishi wa serikali wanaohamishwa kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Riziki hii ni njema. Lakini kila riziki njema ina mlango ambao haramu huingilia, na mlango wa kazi hii ni mikono ya wale wanaoinua mzigo. Maneno haya yameandikwa kwa ajili ya mlango huo.

FASILI YA KWANZA
Khabari ya misafara miwili

Katika Sura ya Yusuf, Mwenyiezi Mungu amehadithia jinsi nduguze walivyomtupa kisimani, kisha ukapita msafara. Mchota maji wao akashusha ndoo yake, na badala ya maji akatoka mtoto. Wakafurahi, kisha wakamficha kama bidhaa katika bidhaa zao, naye akauzwa kwa thamani duni, fedha za kuhesabika. Yampasa mwenye akili aizingatie khabari hii. Watu wengi huwalaumu ndugu za Yusuf, na ni haki walaumiwe. Lakini lau ule msafara ungalimwuliza mtoto: Wewe ni mwana wa nani? na baba yako yuko wapi? angalirudishwa kwao siku ile ile, na Nabii Yaakub asingalilia hata macho yake yakawa meupe. Wale wasafiri hawakumtupa Yusuf kisimani. Kosa lao ni kuwa hawakuuliza. Walimwona mtoto peke yake shimoni, wakamhesabu kuwa ni faida.

Na msafara wa pili ni ule wa Salman Mfursi, Mwenyiezi Mungu amwie radhi. Alikuwa mtu huru, mwana wa mkuu wa kijiji, aliyeiacha nchi yake kuitafuta dini ya haki. Akakutana na wafanya biashara wa kabila la Kalb, akawaomba wamchukue hata nchi ya Waarabu, na akawapa ng'ombe wake na kondoo wake kuwa ndiyo nauli. Wakazipokea mali zake. Walipofika Wadi l'Kura wakamfanyia khiyana, wakamwuza kama mtumwa. Basi nauli alilipa yeye, na thamani yake wakala wao. Baadaye akauzwa tena akafikishwa Madina, akasilimu, na Mtume s.a.w. akamwamrisha aandikiane na bwana wake: mitende 300 na wakia 40 za dhahabu. Masahaba wakamchangia miche, na Mtume akaipanda kwa mkono wake mtukufu mpaka Salman akawa huru.

Katika misafara hii miwili pana mafunzo mawili kwa kila mwenye gari. La kwanza, asiyeuliza huenda akawa mshirika katika dhulma asiyoianza. La pili, mtu kutoka kwao kwa ridhaa yake, na hata kutoa nauli kwa mkono wake, hakuhalalishi kufanywa mtumwa mbele ya safari. Wako wasemao juu ya vijana wanaochukuliwa vijijini: Alikuja mwenyewe, hakufungwa kamba. Salman naye alikuja mwenyewe.

FASILI YA PILI
Njia ya Masasi na deni lililobaki

Haifai kwa Muislamu kuificha haki kwa kuwa inamuumiza. Njia hii ipitayo lori leo, kutoka bara kuelekea Lindi, Mikindani na Kilwa, ilikuwa katika karne ya kumi na tisa njia ya misafara ya watumwa kutoka nchi za ziwa la Nyasa. Mwaka 1866 Livingstone alipanda kutoka Mikindani kwa njia ya mto Ruvuma, akaandika katika daftari zake kuwa alipita penye mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, naye amekwisha kufa. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kutoka bara. Mwaka ule ule wa 1876 Askofu Steere wa misheni ya Waingereza alitoka Unguja na watu waliookolewa katika majahazi, akapanda nao kutoka Lindi, akawakalisha Masasi. Hivyo ndivyo ulivyoanza mji wa misheni wa Masasi: ulianza kwa watu waliokwisha uzwa. Na mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara wakaushambulia mji huo, wakateka watu, na aliyeonja uhuru akaonja tena kamba. Skuli ya Chidya nayo imezaliwa katika khabari hiyo ya misheni.

Atasema mtu: Utumwa ulikuwa halali katika sheria. Jawabu: Sheria iliukuta utumwa duniani kote, ikaubana milango ya kuingilia na ikaifungua milango ya kutokea. Ilifanya kuacha huru shingo kuwa kafara ya kiapo na kafara ya kuua kwa kukosea. Iliweka fungu katika zaka kwa ajili hiyo. Iliamrisha kuandikiana na mtumwa atakaye kujikomboa. Ama kumkamata mtu huru njiani, au kumnunua mtoto kwa njaa ya wazazi wake, au kuchoma kijiji ili kupata wa kuuza, hayo hayakuwa halali siku yoyote wala kwa madhehebu yoyote. Na wengi wa waliopita njia hii walipatikana kwa mambo hayo hayo. Walioifanya biashara ile waliitwaa ruhusa, wakayaacha masharti yake. Na walikuwamo watu waliosali na kufunga. Hilo ndilo la kutia khofu. Sala zao hazikuwazuia, kwa kuwa waliitenga sala na hesabu ya biashara.

Hata katika serikali, mlango huo umekwisha fungwa zamani. Unguja hali ya utumwa iliondolewa katika sheria mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Leo hapana mtumwa kwa sheria ya nchi wala kwa fatwa ya wanazuoni. Basi anayemtumikisha mwenziwe leo hana hata ile hoja aliyokuwa nayo babu yake.

FASILI YA TATU
Utumwa wa leo ni upi

Utumwa wa leo hauna mnyororo wala soko. Una daftari la deni, una kitambulisho kilichofungiwa sandukuni, una ujira unaoahidiwa mwisho wa mwezi na mwezi usiofika mwisho. Shirika la Kazi la Dunia pamoja na wenziwe walikadiria katika mwaka 2022 kuwa watu milioni 50 duniani walikuwa katika hali hiyo mwaka 2021: milioni 27.6 katika kazi ya kulazimishwa, na wengine milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Shirika hilo limeweka alama za kuutambua utumwa huu, nazo ni kama hizi: kumdanganya mtu juu ya kazi, kuutumia udhaifu wake, kumzuia asiende atakako, kumtenga na watu, kumpiga au kumfanyia uchafu, kumtisha, kuzishika hati zake, kuuzuia ujira wake, kumfunga kwa deni, kumkalisha na kumfanyisha kazi katika hali mbaya, na kumfanyisha kazi kupita kiasi. Atakayezisoma alama hizi kisha akazisoma hadithi za Mtume s.a.w. juu ya watumishi, ataona kuwa hapana alama hata moja ambayo sheria haikuikataza kabla.

Serikali ya Tanzania ilitunga mwaka 2008 Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu. Sheria hiyo haimtazami muuzaji na mnunuzi tu. Humtazama anayetafuta watu, anayewasafirisha, anayewapokea na anayewaficha. Yaani mwenye gari amo. Na kabla yake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikwisha kataza kazi ya kulazimisha, ikakataza kumwajiri mtoto asiyetimia miaka 14, ikakataza kazi za hatari kwa asiyetimia miaka 18, na ikaweka saa za kazi zisizidi 45 kwa juma, na zinazozidi zilipwe kwa ujira na nusu yake.

Na khabari za wenye magari wasiouliza zimejaa duniani. Mwezi wa Juni 2012 Wahabeshi zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa pumzi katika lori, katika mkoa wa Dodoma. Walikuwa wakipelekwa kusini kama magunia. Mwaka 2019 watu 39 wa Vietnam walikutwa wamekufa hivyo hivyo katika lori huko Essex, Uingereza. Mwezi wa Machi 2020 Wahabeshi 64 wakakutwa maiti katika kontena huko Tete, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Kila mmoja wao alikuwa na mama aliyekuwa akingoja khabari.

Wala wasidhani watu wa pwani kuwa jambo hili ni la wageni tu. Wako mabinti wa Tanzania waliokwenda Oman na nchi jirani zake kufanya kazi za nyumbani, nchi za Waislamu kwenye nyumba za Waislamu, wakanyang'anywa pasi zao, wakafanyishwa kazi usiku na mchana, na wengine wakanyimwa ujira. Khabari zao zilichapishwa katika mwaka 2017 na shirika la Human Rights Watch. Adhana husikika katika miji ile mara tano kila siku.

FASILI YA NNE
Mfano wa mwenye lori mbili

Na upigwe mfano, kwani mfano huleta karibu lililo mbali. Awepo mtu mmoja Chidya, mtu wa pwani kwa asili, mwenye lori mbili. Anahamisha vyombo vya watu, na wakati wa korosho anachukua magunia kutoka vijijini kupeleka ghalani. Mtu huyu hapunguzi sala, hutoa zaka, na Ijumaa hukaa safu ya mbele. Hana wachukuzi wake mwenyewe. Amemwagiza nyapara amtafutie vijana kumi, na kwa kila kijana humlipa nyapara shilingi 8,000 kwa siku ya kazi, taslimu, bila kuchelewesha. Akiulizwa juu ya dhulma, husema: Mimi sidaiwi na mtu.

Sasa itazamwe hesabu ya kijana mmoja katika wale kumi. Nyapara alimwendea kijijini kwao wakati wa njaa, akampa shilingi 60,000: 25,000 ndiyo nauli, na 35,000 akamwachia mama yake. Akaahidiwa shilingi 8,000 kwa siku. Alipofika akaambiwa kuwa katika hizo 8,000 chakula ni 3,000, malazi 1,000, na haki ya nyapara 2,000. Zikabaki 2,000 za kulipia deni. Na siku ambayo lori haikupata mzigo, hapana ujira. Ila chakula na malazi vinaandikwa vile vile, 4,000. Mwezi ule lori ilipata kazi siku 15, na siku 15 haikupata. Kwa siku za kazi kijana alilipa 30,000. Kwa siku za kukaa aliandikiwa 60,000. Basi baada ya mwezi mzima wa kuinua magunia na makabati, deni lake la 60,000 limekuwa 90,000. Kitambulisho chake na simu yake ziko kwa nyapara, zimeitwa dhamana. Akisema anataka kurudi kwao huambiwa: Lipa kwanza. Akifanya kazi zaidi deni hukua, na akikimbia huitwa mwizi.

Kijana huyu ni nani? Hakuuzwa sokoni wala hakufungwa kamba. Lakini hana ujira, hana njia ya kutoka, na hana hati yake. Na tajiri wake yuko safu ya mbele, na moyo wake umetulia, kwa sababu amelipa shilingi 8,000 zote.

Je, amelipa? Wanazuoni wameeleza kuwa aliyetumwa na mtu ni wakili wa yule aliyemtuma. Nyapara hakuwekwa na wale vijana. Aliwekwa na mwenye lori. Kwa hiyo fedha iliyo mkononi mwa nyapara ni kama fedha iliyo bado mkononi mwa mwenye lori. Ujira haujalipwa mpaka umfikie aliyetoka jasho. Na Mtume s.a.w. ameagiza, katika hadithi iliyopokewa na Ibn Maja, ujira utolewe kabla jasho halijakauka. Jasho la vijana hawa limekauka mara nyingi.

Tena ule mkopo wa 60,000. Mkopo ni sadaka katika sheria, lakini mkopo uliowekewa sharti la kumnufaisha mkopeshaji umeingia katika riba. Aliyemkopesha mtu ili amfanyie kazi kwa ujira uliopunguzwa amekula tofauti ile. Na mdaiwa mwenye dhiki, Mwenyiezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Bakara apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ndiyo kheri zaidi. Hakuamrisha afungwe kazini.

Tena ule ujira wenyewe. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani hii, haisihi kuajiriana mpaka ujira ujulikane na kazi ijulikane. Yule mzee mwema wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa alimtajia muda, miaka minane, na kama atatimiza kumi ni hisani yake. Na akamwambia kuwa hataki kumtia mashakani. Huyo ni mkongwe, na mwajiriwa wake ni mkimbizi asiye na ndugu wala hati, mwenye njaa, aliyekaa chini ya kivuli cha mti. Lau angalitaka kumdhulumu, nani angalimzuia? Mpimo wa mwajiri ni siku anapompata mtu asiye na mtetezi.

FASILI YA TANO
Wale walio nyuma ya kazi yake

Mwenye lori mbili hafanyi kazi peke yake. Nyuma yake yuko mwenye gereji anayemtengenezea magari, mama anayewapikia vijana chakula, muuza magunia, muuza masanduku na kamba, na wakulima wanaotoa mzigo wenyewe. Dhulma ya mmoja wao huweza kupanda katika lori yake bila yeye kujua.

Akiingia gereji akamwona mtoto wa miaka kumi amelala chini ya gari, asiseme: Huyo anafunzwa kazi. Aulize yuko skuli gani, na nani anayemlisha. Akiwaona jikoni kwa yule mama binti mdogo asiyetoka nje, asiyejua jina la kijiji alipo, aulize ni mwana wa nani. Swali hilo ndilo ambalo msafara wa Yusuf haukuliuliza.

Ama mzigo wa korosho, upo msiba unaojulikana na kila mtu wa kusini, nao ni kangomba. Mfanya biashara humwendea mkulima wakati wa njaa, kabla ya mavuno, akampa fedha kidogo au unga, kwa ahadi ya kulipwa korosho kwa kipimo cha mfanya biashara na kwa bei ya mfanya biashara. Yakija mavuno, mkulima huona mti wake, huokota korosho zake, na hana gunia la kuuza ghalani. Serikali imeikataza biashara hii. Na wako wanaoitetea wakisema ni bei ya salamu, ambayo sheria imeiruhusu. Si kweli. Salamu ina masharti: thamani yote itolewe pale pale, kipimo kijulikane, na siku ijulikane. Kangomba kipimo chake ni hila, na mwenye kupunguza vipimo ameteremshiwa sura nzima ya onyo, nayo ni Sura ya Mutaffifin. Mwaka wa kwanza mkulima huuza korosho zake kabla hazijaiva. Mwaka wa pili huuza za mwaka ujao. Mwaka wa tatu humtoa mwanawe aende na nyapara kulipa deni. Yule kijana wa shilingi 60,000 huenda ndiye mwana wa mkulima huyo. Basi lori inayochukua magunia ya kangomba usiku, na kijana anayeyapakia magunia hayo, wametoka nyumba moja.

Na gunia la juti lililofumwa Bangladesh au India, na turubai na kamba zilizotoka mbali, mtu wa Chidya hawezi kwenda kutazama viwanda vyake. Na Mwenyiezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa kiasi cha uwezo wake. Lakini kuuliza yamo katika uwezo wake. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2015 kwamba makampuni makubwa, yenye mapato ya paundi milioni 36 kwa mwaka au zaidi, yatangaze kila mwaka yafanyayo ili utumwa usiwemo katika kazi zao na kwa wanaowauzia vitu. Sheria hiyo imewaelekea wakubwa. Mwenye lori mbili haimfikii. Lakini mbele ya Mwenyiezi Mungu hapana kampuni ndogo. Kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, hata akiwa na mbuzi wawili.

FASILI YA SITA
Yampasayo mwenye kuajiri

La kwanza, awajue watu wake mmoja mmoja, kwa jina, na kwao, na umri wao, wala asikubali kuambiwa na nyapara: Nina vichwa kumi. Wanaohesabiwa kwa vichwa ni ng'ombe.

La pili, mapatano yaandikwe, kama ilivyoamrishwa kuandika deni: kazi gani, saa ngapi, ujira kiasi gani, na chakula ni juu ya nani. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha aijuayo, Kimakua au Kimakonde au Kiyao, mbele ya shahidi.

La tatu, ujira aupokee mwenyewe kwa mkono wake au kwa simu yake. Nyapara apewe haki yake na mwenye lori, isikatwe katika jasho la mchukuzi.

La nne, asishike hati ya mtu. Anayehitaji kuitazama aitazame, kisha airudishe saa ile ile.

La tano, akitoa karadha, iwe karadha tupu, isiyo sharti la kazi. Na anayetaka kuondoka aondoke siku anayotaka, na deni lake limfuate kama deni la watu huru.

La sita, mzigo uwe kwa kiasi cha mgongo. Katika hadithi ya Abu Dharr, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume s.a.w. alikataza kuwakalifisha watumishi wasiyoyaweza, na kama ni lazima basi bwana awasaidie. Kabati la watu wanne lisichukuliwe na wawili. Na ikipungua mikono, mwenye lori naye akunje kanzu yake.

La saba, awatazame wale anaonunua kwao, na awaambie wazi kuwa hatanunua penye mtoto anayetumikishwa wala deni lisilolipika. Neno la mnunuzi hutimiza jambo ambalo waadhi wa msikitini huenda asilitimize.

La nane, akigundua dhulma, asidhani kuwa ametakasika kwa kuwafukuza wale vijana. Hiyo ni dhulma juu ya dhulma. Atakuwa amemrudisha Yusuf kisimani. Awalipe walichonyimwa, awarudishie hati zao, awape nauli ya kwao, na jambo la mtoto au la kulazimishwa alifikishe kwa afisa ustawi wa jamii, kwa afisa kazi au kwa polisi.

Atasema mwenye lori: Faida ni ndogo, na wenzangu hawafanyi hivyo, nikiongeza gharama watachukua kazi yangu. Maneno haya ni kweli kwa jicho la soko. Lakini na azikumbuke khabari za watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe. Mmoja wao aliwahi kuajiri vibarua, na mmoja katika vibarua akaenda zake bila kuchukua ujira wake. Bwana yule hakuula; aliuzalisha mpaka ukawa mifugo mingi. Kibarua aliporudi baada ya muda kuulizia haki yake, akaambiwa: Yote haya ni yako, naye akadhani anafanyiwa mzaha. Akayachukua yote. Na siku ile ya giza pangoni, bwana yule aliomba kwa amali hiyo, na jiwe likafunguka. Ujira wa mtu mmoja ulifungua mlango ambao nguvu hazikuweza kuufungua. Basi ujira uliozuiliwa utafunga milango mingapi?

KHATIMA

Amepokea Abu Huraira katika hadithi ya Bukhari kuwa wako watu watatu ambao Mwenyiezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu yao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akafanya khiyana; aliyemwuza mtu huru akala thamani yake; na aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake yote, asimpe ujira wake. Tazameni, enyi Waislamu, jinsi yule mwuza watu na yule mzuia ujira walivyowekwa katika safu moja. Wa kwanza watu wote humchukia. Wa pili hupewa mkono msikitini.

Na katika Sura ya Balad Mwenyiezi Mungu ameutaja mlima mgumu ambao mwanadamu hajathubutu kuupanda. Kisha akaufasiri kuwa ni kuacha huru shingo ya mtumwa, au kumlisha siku ya njaa yatima aliye jamaa au maskini aliyelala mavumbini. Watu wa nchi ya Newala wanaujua mlima kuliko wengi: mama zao waliupanda na mitungi ya maji kichwani kutoka mabondeni, na lori huupanda kwa gia ya kwanza, zikilia. Hapana anayeupanda bila kupunguza kilichozidi. Na mwenye kuupanda mlima ule wa akhera, na mizigo ya watu iko mgongoni mwake, ujira wa huyu na hati ya yule, hatafika juu.

Mwanzo wa kuupanda ni jambo dogo, na linawezekana kesho asubuhi kabla lori haijaondoka. Mwenye lori awaite vijana wake, nyapara asiwepo, na amwulize kila mmoja maswali matatu: Umepokea kiasi gani? Hati yako iko wapi? Ukitaka kwenda kwenu leo, nani atakuzuia? Kisha anyamaze, asikilize.

Ewe Mola, Uliyemtoa Yusuf kisimani na kifungoni, Uliyemkomboa Salman kwa mitende na dhahabu, wape wenye kuajiri macho ya kuwaona wanaowatumikia, na uwape wanaotumikia ulimi wa kusema haki yao. Usiwakutanishe waja wako Siku ya Kiyama ilhali mmoja anamdai mwenziwe jasho. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na ahali zake, na masahaba wake. Amin.